Kurudi Mlima Rungwe baada ya miaka thelathini: anza na magoti

Swali: Nilipanda Mlima Rungwe mwaka 1994 nikiwa kidato cha tano. Tulitoka asubuhi na viatu vya shule, tukarudi jioni tukiimba. Sasa nina miaka 50, naishi Iringa, kazi yangu ni ya kukaa ofisini, na nameza kidonge kimoja cha presha kila asubuhi. Nataka kupanda tena Julai hii pamoja na mwanangu wa miaka 19 anayesoma Dar es Salaam. Ninazo buti za milimani nilizopewa zamani, sijazivaa mara nyingi. Nijiandae vipi nifike kileleni? Na kwa kuwa Rungwe ni volkano, imelala kweli?

Jibu: Dada yangu, kufika kileleni si kazi ngumu kama unavyodhani. Rungwe ina mita 2,960 na hapahitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba. Mtu wa miaka 50 mwenye afya ya kawaida akienda polepole anafika. Kazi iko kwenye kushuka, na hapo ndipo wengi wanaorudi mlimani baada ya miaka mingi huumia. Kwa hiyo jibu langu litakaa sana kwenye magoti na mapaja, na kwa sababu hiyohiyo nitakuomba usogeze safari kutoka Julai hadi Septemba.

Ukipanda, misuli ya mapaja hufanya kazi huku ikijikunja. Ukishuka, misuli ileile hufanya kazi huku ikivutwa, maana inauzuia mwili usianguke mbele kila hatua. Kazi ya namna hii ndiyo inayochana nyuzi za misuli ambayo haijaizoea, na ndiyo maana maumivu makali huja kesho yake na keshokutwa. Misuli ikichoka mapema, goti linabaki bila mlinzi: kila hatua inatua kwenye kiungo chenyewe, mguu unatetemeka, na kwenye tope mtu anateleza. Kwenye Rungwe hatari hiyo huja saa tisa alasiri, wakati bado una msitu mzima wa kupita.

Kuna jambo jingine ambalo wanaorudi huwa hawaambiwi. Moyo na mapafu hujibu mazoezi haraka. Baada ya wiki tano au sita utaona pumzi imerudi. Kano zinazoshika goti na kisigino hupata damu kidogo, kwa hiyo huimarika polepole, kwa miezi. Katikati hapo pana mtego. Mtu anajisikia amerudi ujanani, anaongeza mwendo na uzito, na kano zinavimba kabla safari haijafika. Umeniandikia mwezi Mei. Ukianza sasa na kupanda mwishoni mwa Septemba, unapata wiki kumi na tano au zaidi, na hizo zinatosha. Hadi Julai hazitoshi.

Kabla ya kuanza, nenda hospitali upime presha na sukari, na umuulize daktari kidonge chako ni cha aina gani. Kama ni kile kinachoongeza mkojo, mwili wako utapoteza maji na chumvi upesi zaidi siku ya mlima, na daktari ndiye atakayesema ukimeze saa ngapi siku hiyo. Kama ni kile kinachopunguza mapigo ya moyo, usipime juhudi zako kwa saa ya mkononi inayohesabu mapigo, kwa sababu itakudanganya. Tumia kipimo cha mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo ni sahihi, ukiweza maneno mawili tu, punguza. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Na maumivu ya kifua, au kukosa pumzi ukiwa umekaa, ni ya kurudi kwa daktari siku hiyohiyo, hayasubiri ratiba.

Wiki nne za kwanza tembea tu kwenye tambarare, siku nne kwa wiki, dakika 40 kila mara. Siku mbili kati ya hizo, ukirudi nyumbani, fanya zoezi la ngazi. Simama juu ya tofali la block lililolala imara, au ngazi ya mlangoni yenye kimo cha sentimita 15 hivi. Mguu mmoja ubaki juu, mwingine ushushe mbele polepole ukihesabu moja mpaka tatu hadi kisigino kiguse chini, kisha rudi. Mara nane kila mguu, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Goti lielekee kwenye kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani, tofali ni refu mno, tafuta fupi zaidi. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalofanana na kushuka Rungwe kuliko kukimbia kokote uwanjani. Malizia kwa kusimama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, unainuka kwa vidole na kushuka taratibu, mara kumi na mbili.

Kuanzia wiki ya tano unahitaji mlima, na Iringa Mungu amewapa. Kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini ni mazoezi mazuri, ila nenda alfajiri kukishapambazuka, utumie njia za miguu mbali na malori. Hapa kuna ujanja mmoja wa kuokoa magoti: beba maji. Weka chupa za lita moja na nusu kwenye begi la mgongoni, mbili mwanzoni, nne baadaye, panda nazo, kisha ukifika juu mwagilia miti na ushuke begi likiwa tupu. Mapaja na mapafu yanapata mzigo, magoti yanapona. Wiki ya kumi ndipo uanze kushuka na kilo tatu, baadaye tano. Begi lako la siku yenyewe litakuwa na kilo sita au saba, basi mwili uwe umeshalijua.

Jumamosi moja kila wiki iwe ya matembezi marefu. Anza na saa moja na nusu, ongeza dakika 20 hivi kila wiki, na kila wiki ya nne rudi nyuma kidogo ili mwili utengeneze ulichobomoa. Ukifika saa tano mfululizo bila goti kuvimba, uko tayari. Maumivu ya misuli miguu yote miwili yanayoisha ndani ya siku tatu ni ya kawaida. Maumivu ya upande mmoja, ya kuchoma, yaliyo ndani ya kiungo au chini tu ya goti, yanataka upumzike wiki nzima. Ukiyalazimisha utapoteza miezi. Na usimeze vidonge vya maumivu kabla ya kutembea ili usiyasikie. Dawa za jamii ya ibuprofen, mwili ukiwa umepungukiwa maji, zinaumiza figo, na kwa mwenye presha zina ubaya zaidi.

Wiki mbili au tatu kabla ya safari fanya jaribio moja la kweli. Watu hupenda Loleza kwa sababu unaianzia Mbeya mjini. Ni mlima mzuri, ingawa si volkano. Kwako wewe napendekeza ukingo wa Ziwa Ngozi, ziwa la kreta upande huohuo wa Mbeya. Njia ni fupi, lakini inapita msitu wa aina ileile, yenye mizizi, tope na mianzi, na mwisho wake una mwinuko mkali unaokwenda kwa mikono na miguu ukiteleza. Ukishuka Ngozi na kesho yake unapanda ngazi za gesti bila kushika ukuta, Rungwe utaimaliza. Siku kumi za mwisho punguza mazoezi nusu. Nguvu hazijengwi wiki ya mwisho, ukijichosha zinapungua tu.

Sasa zile buti. Usiende nazo, hata kama zinang'aa. Kati ya ngozi ya juu na soli ya chini, buti nyingi za milimani zina tabaka laini kama sponji linalotengenezwa kwa poliyurethani. Tabaka hilo hunyonya unyevu wa hewa na kuoza taratibu hata kiatu kikiwa kabatini. Tena kiatu kisichovaliwa huharibika kwa namna hiyo bila mwenyewe kujua. Siku ya safari, ndani ya saa mbili au tatu, soli yote inabanduka. Gundi ya fundi haisaidii maana hakuna kitu kigumu cha kushika, na uzi unakata sponji kama ugali. Zijaribu mwenyewe: bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukiona alama inabaki, au vumbi, au nyufa ndogondogo ukikunja kiatu, zimekwisha. Tahadhari hiyohiyo ni kwa buti za mitumba za soko la Mwanjelwa, Mbeya, au Iringa sokoni: huenda zilikaa stoo ng'ambo miaka kumi kabla ya kuingia kwenye robota. Zikunje mbele ya muuzaji, bonyeza ubavuni, angalia vina vya soli. Visivyofika milimita nne havitashika tope la Rungwe. Nunua saizi inayoacha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino ukisukuma mguu mbele, na uzivae kwenye mazoezi yote ya Jumamosi.

Utawaona wenyeji wanapanda kwa gambuti na watakushauri nawe uvae. Kwa tope ni sahihi kabisa, na mguu wao umezizoea. Wewe ukishuka nazo, wayo utateleza ndani na kugonga mbele, kisigino kitapasuka malengelenge, na kifundo hakitashikiliwa. Kucha nyeusi za vidole gumba zinatokana na jambo hilohilo: kata kucha siku mbili kabla, na kabla ya kushuka legeza kamba zote, gonga kisigino chini, kisha kaza upya kuanzia kwenye mkunjo wa mguu, ufunge fundo la pale pale kabla ya kuendelea juu. Badili soksi kileleni.

Fimbo mbili hazina mjadala. Zile za kununua ni nzuri, lakini mipini miwili ya mifagio inafanya kazi. Ikate kwa kimo ambacho kiwiko kinakunjika pembe mraba ukiishika. Unaposhuka, fimbo zitangulie kugusa chini kabla ya mguu, ili mikono ichukue sehemu ya uzito. Zilete kutoka nyumbani. Ndani ya hifadhi hukati hata mwanzi mmoja.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na mwaka 1994. Tangu 2009 msitu wote wa mlima ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na wasimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu. Huingii tu kwa kuongozana na mwalimu. Unapitia ofisi yao Tukuyu, mji ulio chini ya mlima, siku moja kabla, unapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na unapangiwa mwongoza njia. Njoo na kitambulisho cha taifa chako na cha mwanao, kwa kuwa viingilio vya raia na vya wageni havilingani. Moto ni marufuku, mbwa ni marufuku. Msitu huo ni mojawapo ya makao ya kipunji, kima aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2005 na ambaye kwa wanasayansi alionekana wa kipekee hata akapewa jenasi yake mwenyewe. Ukisikia juu ya miti sauti kama honi yenye kubweka, simama kimya. Ni zawadi ambayo wanafunzi wa 1994 hawakujua jina lake kitaalamu.

Mwongoza njia muulize mambo mawili kabla hamjakubaliana: mara ya mwisho alifika kileleni lini, na kama anakubali saa ya kugeuka. La kwanza lina maana kwa sababu mvua huangusha mianzi na majani hufunga njia ndani ya msimu mmoja. Njia unayoikumbuka huenda haipo.

Kuhusu msimu: pepo zenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Nyasa na kugonga Rungwe kusini na kusini-mashariki, ndiyo maana Tukuyu hunyesha hata miezi ambayo Mbeya mjini ni vumbi. Mvua nzito ni Novemba hadi Mei. Juni na Julai hakuna mvua kubwa, lakini kuna baridi kali, ukungu na manyunyu ya siku nzima, na mteremko wenye manyunyu ni mbaya kwa magoti kuliko mvua ya saa moja. Agosti hadi katikati ya Oktoba udongo umekauka zaidi na kileleni kunaonekana. Kwa sababu ya mvua hizo pia nakushauri kupanda kutoka kaskazini, upande wa Isongole, kwenye mashamba ya viazi mviringo, badala ya upande wa Rungwe Misheni ambao pengine ndio mliopita na shule. Kaskazini ni kukavu zaidi na unaanzia juu zaidi.

Hesabu ya muda ni hii. Kutoka pembe za mashamba hadi juu unapanda takribani mita elfu moja. Kwa mwendo wa mita 250 za kimo kwa saa, mapumziko ndani yake, ni saa nne hadi tano. Kushuka kwa uangalifu, saa tatu na nusu hadi nne. Weka saa kumi kwa jumla. Anzeni kutembea saa 12:30 asubuhi, na iwe imekubaliwa na wote watatu kwamba saa 7:00 mchana mnageuka popote mlipo. Jua la Septemba huzama baada ya saa 12:30 jioni, lakini chini ya miti giza huja mapema. Tochi ya kichwani kila mmoja, na betri za akiba.

Kwenye mianzi vaa glovu za mafundi ujenzi, kwa kuwa utashika mashina ili kujivuta na vipande vilivyovunjika hukata kama kisu. Angalia visiki vyake vilivyochongoka chini; usikae bila kutazama. Chomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na msisimame kupumzika mpaka mmekagua ardhi. Juu ya mianzi msitu unafunguka, upepo unaanza, na joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita elfu moja. Kileleni nguo zilizolowa jasho ni hatari kuliko baridi yenyewe. Acha jinzi na fulana za pamba nyumbani. Fulana ya michezo ya poliesta, sweta la sufu la mitumba, na koti lisilopitisha maji vinatosha. Sweta likae ndani ya mfuko wa plastiki mpaka mfike.

Beba lita tatu za maji, moja kati ya hizo ikiwa imechanganywa pakiti ya maji chumvichumvi, baada ya daktari kukubali kwa ajili ya presha. Kula kidogo kila dakika 45 hata bila njaa: ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, chapati. Mlo mmoja mkubwa kileleni unalegeza miguu wakati unaihitaji. Chai ya tangawizi yenye sukari kwenye chupa ya chai ni ya kunywa kabla ya kushuka.

Mwanao nina wasiwasi naye kuliko wewe. Iringa uko juu ya mita 1,500, mwili wako umezoea hewa nyepesi kiasi. Yeye anatoka usawa wa bahari, na kileleni Rungwe mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 70 ya ule wa Dar es Salaam. Alale angalau siku mbili Tukuyu au Mbeya kabla. Kijana atakimbilia mbele. Mpe kazi ya kutembea nyuma yako. Akipata kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, au akianza kuyumba, dawa ni kushuka mara moja.

Swali lako la volkano: imelala, haijafa. Mlipuko wake mkubwa unaojulikana ulikuwa miaka kama 4,000 iliyopita, na mawe mepesi ya rangi ya maziwa utakayoyaona kwenye kingo za barabara yalirushwa wakati huo. Jirani yake Kyejo ilitoa lava karibu mwaka 1800. Kwa safari ya siku moja jambo hilo lisikunyime usingizi. Lakini umbo la volkano linakuhusu sana. Juu hakuna kilele kimoja chenye shimo la mviringo. Ubavu wa kusini-magharibi uliporomoka zamani, ukaacha bakuli kubwa lililo wazi, na ndani yake kuna vilima vilivyoota baadaye. Kwa hiyo utafika juu ya vilele vya uongo, na ukungu ukishuka ni rahisi kuteremka upande usio wako bila kujua mpaka chini. Mkiwa juu msiachane hata hatua ishirini, na kila mmoja awe na filimbi. Tena, kwenye mabonde ya chini kuzunguka Kyejo kuna mahali ambapo kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama kwenye mashimo. Ukiona wadudu au ndege wamekufa kwenye kishimo, usiiname wala usipumzike hapo.

Ukishafika chini usipande basi la Iringa jioni hiyo. Saa nyingi za kukaa mara baada ya kushuka hufanya miguu ivimbe na misuli ikaze. Lala Tukuyu, kunywa maji hadi mkojo uwe mweupe, meza kidonge chako kama kawaida, na asubuhi tembea tambarare dakika 20 kabla ya kusafiri. Ndani ya basi chagua kiti cha kando ya njia, simama kila linaposimama. Mazoezi ya tofali yaanze tena baada ya siku tano.